Upande Wenye Miti

Tasalla alizaa watoto wawili wa kiume, lakini ukimuuliza mbele za watu alikuwa anakutajia mmoja tu. Rabe. Rabe hivi, Rabe vile, Rabe kala, Rabe hajala. Yule wa kwanza, Laminu, hakumwita kwa jina hata siku moja, na si kwamba hakumpenda. Jamani, kumpenda ndiko kulikomfunga mdomo. Kwetu mzaliwa wa kwanza ndiye haya ya mama yake. Humwiti jina, humpakati mbele za watu, na akianguka unatazama pembeni mpaka mtu mwingine amwokote. Mwanamke akimkumbatia wa kwanza wake uani, wenzake watamteta mpaka kisimani kwamba huyo hana haya, huyo anataka kila mtu ajue alivyofurahi kuolewa. Na Tasalla alikuwa na haya kuliko wanawake wote wa kijiji. Alisifiwa kwa hilo tangu ujana wake, na sifa, kama mnavyojua, ni mzigo usiotuliwa hivi hivi.

Laminu alipoacha ziwa alipelekwa kwa bibi yake, mama wa baba, kijiji cha pili. Huko alilelewa, huko akaota ndevu. Bibi alipofariki akarudi kwao, kijana mrefu mwenye panga begani. Tasalla alimwona anaingia uani, moyo ukampasuka kwa furaha, naye akainama akaendelea kupepeta uwele.

"Yule wa kwa bibi amekuja," alimwambia jirani yake Habsu. "Mwonyesheni pa kulala."

Hiyo ndiyo salamu aliyoipata.

Baba yake, Mzee Illa, naye alikuwa vile vile. Baba wa kwetu hachekicheki na mzaliwa wake wa kwanza. Akitaka kumwambia jambo, humwambia mtu mwingine kwa sauti ili mwenyewe asikie.

Sasa Laminu alirudi na wazimu wake. Kila mwaka kabla ya mvua, sisi sote tunasafisha mashamba. Unafyeka kila chipukizi, unachoma, unafagia, mpaka shamba linabaki jeupe kama uwanja wa msikiti. Huo ndio usafi wa mkulima, na kwa usafi huo posa hukubaliwa au kukataliwa. Laminu akasema yeye hafyeki. Alipopewa upande wa mashariki wa shamba la baba yake alime, akawa anatembea kisiki kwa kisiki, anachuchumaa, anachagua machipukizi matatu yenye nguvu, mengine anayapogoa kwa kisu kikali, yale matatu anayaacha yapande juu.

"Sipandi kitu mimi," aliwaambia vijana wenzake. "Mti uko tayari humu chini, mizizi yake mizima. Kila mwaka unajitokeza, kila mwaka tunaukata kichwa. Mimi nimeacha tu kuukata."

"Laminu, shamba lako linataka kinyozi."

"Mwacheni, anafuga fisi. Akivuna tutakula mikia."

Na baba yake, pale barazani msikitini, alimgeukia imamu akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Mwambieni mwenye visiki, nyoka wakizaana huko kwake wasije uani kwangu." Watu wakacheka mbavu hawana. Laminu naye akacheka, akaenda zake.

Miti ikakua. Mingi ilikuwa gao, na gao ni mti mkaidi. Mvua zikija, wenzake wakivaa majani, wenyewe unapukutisha yake yote, uwele uliopandwa chini yake ukala mbolea na kupata jua. Kiangazi kikifika, kila kitu kimekauka, ndipo wenyewe unapovaa kijani. Na viangazi vyetu si vile vya zamani, msidanganyike. Siku hizi joto linaingia mpaka ndani ya mtungi, na upepo wa mwanzo wa mvua unakuja na mchanga unaokata miche kama wembe. Upande wa magharibi, kwa baba yake, walipanda, mbegu zikafukiwa, wakapanda tena, zikafukiwa tena. Upande wa Laminu mbegu ilitiwa mara moja ikakaa. Wanawake waliotoka kisimani na ndoo zao walianza kupata sababu za kupitia kule, wakidai njia ile ni fupi. Haikuwa fupi.

Waliocheka wakanyamaza, lakini hakuna aliyesema amekosea. Na Mzee Illa hakusema neno.

Mwaka ule joto lilipozidi kabisa, mzee akaugua. Miguu ilimvimba, pumzi ikawa ya kuhesabu. Mchana mmoja, Tasalla akiwa anampepea chumbani, mzee akafumbua macho.

"Mama Rabe," alisema. Ndivyo alivyomwita miaka yote, kwa jina la mtoto wa pili. "Unajua mimi kila alasiri huwa nakwenda wapi?"

"Kunywesha ng'ombe."

"Ng'ombe wanakunywa wenyewe. Nakwenda kukaa kule kwenye miti yake. Nazunguka nyuma ya makaburi asinione."

"Najua," alisema Tasalla. "Maganda ya gao yanarudi na kanzu yako. Nani unafikiri anayakung'uta?"

Mzee akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Kilipomwachia akasema, "Nikifa watagawana. Nusu kwa nusu, simzidishii mtu. Lakini ule upande wenye miti awe nao yeye. Rabe hatakataa akijua ni neno langu, Rabe ni mtoto mzuri. Na umwambie yule..." Hapo akakwama. Haya ilimshika hata pale, walipokuwa wawili peke yao, mauti yako mlangoni. "Mwambie nimeona. Mwambie ile ni kazi ya mwanamume. Mimi siwezi kumtazama usoni nikamwambia."

"Na mimi nitawezaje?"

"Wewe ni mama yake."

"Ndiyo maana nauliza."

Mzee akafumba macho. Wiki ile ile akafariki, Mungu amrehemu, na neno lake likabaki kwa mtu mmoja tu duniani.

Arobaini ilipopita, imamu na wazee walikuja kugawa. Wanaume walikaa uani kwenye mikeka, wanawake wakajazana kwenye kibanda cha mlangoni, Tasalla katikati yao na ushungi mweupe wa eda. Laminu na Rabe walikaa bega kwa bega. Walipendana wale, nisiwasingizie. Imamu akapima maneno yake, akasema shamba ni moja, warithi wanajulikana, lililobaki ni nani achukue upande upi. Halafu akageuka kuelekea kibandani.

"Mama Rabe, marehemu alikuachia neno lolote katika hili?"

Tasalla alikuwa amelala na neno lile kila usiku tangu mazishi. Alikuwa amelipanga, amelisafisha, limefika kwenye ncha ya ulimi. Lakini tazama alipokuwa amekaa. Habsu kulia, anamwangalia mdomo. Wazazi wenzake kushoto. Na mbele yake wanaume wote wa kijiji wakingoja. Aseme nini? Aseme mpeni wa kwanza wangu ule upande unaozaa? Amtetee hadharani, mbele ya mdogo wake, yeye ambaye hajawahi hata kutamka jina lake? Moto ulimpanda usoni. Akavuta ushungi, na mdomo wake ukasema ule upuuzi ambao mdomo wa mama wa kwetu umezoea kuusema bila kuulizwa na moyo.

"Mimi mtoto wangu ni Rabe. Yule mwingine mpeni kitakachobaki."

Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mmoja akanong'ona, "Hiyo ndiyo haya." Habsu akamfinya mkono kwa kumpongeza. Na Tasalla, pale pale, kabla hata sauti yake haijapoa masikioni, akajua alichokifanya. Angeweza kusema ngoja. Hakusema.

Laminu alitazama kibandani mara moja. Kisha akasema, "Sawa. Mdogo wangu achague."

Rabe akachagua mashariki. Kwa nini asichague? Alikuwa ameona uwele wa kule ulivyonenepa, akadhani ni udongo wenyewe una baraka.

Laminu alimfuata baadaye. "Rabe, ile miti usiikate. Ndiyo inayokulisha."

"Kaka, wewe umezoea kuishi na nyoka. Mimi nina mke, na wakwe zangu wanapita pale kila siku ya soko wananicheka. Baba mwenyewe aliicheka, umesahau?"

Baba yao aliicheka kweli, mbele ya msikiti, na zaidi ya kicheko kile Laminu hakuwahi kusikia kingine.

Wakati wa kusafisha mashamba ulipofika, Rabe aliwaita wenzake na mashoka. Walikata siku nzima. Halafu, kwa kuwa Rabe ni mtu wa kumaliza kazi anayoianza, wakachimba na mizizi. Laminu alisimama mpakani, mikono nyuma. Tasalla alimpelekea Rabe na wenzake fura, uji baridi wa uwele, akapita karibu na mzaliwa wake wa kwanza kiasi cha kusikia pumzi yake, asimpe hata kata moja mpaka mtu mwingine alipomchotea. Magogo yalilala chini yakiwa bado na majani mabichi. Shamba likawa jeupe, safi kabisa, na wakwe wa Rabe wakasifu.

Siku chache baadaye Laminu aliingia uani na furushi lake. Wanawake walikuwa wanatwanga.

"Inna," alisema, ndivyo tunavyowaita mama zetu. "Nasafiri. Nakwenda Abijani, kuna watu wetu huko wanabeba mizigo sokoni."

"Safari njema," alisema Tasalla. Hakuinua kichwa.

Laminu hakuondoka. Alisimama, akahamisha furushi kutoka bega hili kwenda lile. "Una lolote la kuniambia kabla sijaenda?"

Mlango gani mwingine mtu afunguliwe, enyi watu? Mwanawe alikuwa anauliza. Neno la baba yake alikuwa nalo bado. Lakini michi ilikuwa imetulia, na wanawake watano walikuwa wanasikiliza.

"Waulize hawa kama wana la kukuagiza," alisema Tasalla. "Mimi sina."

Habsu akamtania kwamba amletee khanga na mume wa pili. Laminu akacheka kidogo, akaaga wote, akaenda. Tasalla alitwanga mpaka uwele ukawa vumbi, na watu walipomwambia inatosha akasema jicho lake limeingiwa na pumba.

Mwaka wa kwanza Rabe alivuna vizuri, maana ardhi bado ilikuwa inakula akiba ya ile miti. Mwaka wa pili upepo ukaja, haukukuta wa kuuzuia. Alipanda, akafukiwa. Alipanda, akafukiwa. Alipanda mara ya mwisho na mbegu za kuazima, akapata masuke ambayo hata ndege waliyadharau. Laminu alikuwa anapiga simu kwa Rabe, anamuuliza mvua, anamuuliza ng'ombe. Akiuliza, "Inna mzima?" Rabe anageuka na kumwambia mama yake, "Kaka anakusalimu, chukua uongee naye," na Tasalla anapunga mkono kwa aibu, mwambie mzima. Lile la miti hakuuliza tena. Wala hakusema habari ya kurudi.

Kisha siku moja ya kiangazi likaja gari kutoka Maradi, limejaa wakulima wa pande za Tahua, na mama mmoja wa idara ya misitu aliyeitwa Balki. Walikuwa wamesikia habari za shamba la Laminu wa Illa. Walitaka kuliona, wajifunze, wakafanye kwao. Rabe akawapeleka. Tasalla alifuata nyuma na mtungi wa maji, kama inavyopasa kwa wageni.

Walisimama juani mbele ya ule weupe. Hapakuwa na kivuli cha kuweka hata mtungi.

"Ndilo hili?" aliuliza Balki.

"Ndilo," alisema Rabe.

Mzee mmoja kati ya wageni akachuchumaa, akachimba mchanga kwa vidole kutafuta mzizi, akakosa. "Mmeing'oa mpaka chini," alisema. "Ingebaki hata mizizi tungesema mwakani itachipua."

Balki hakuwa mkali. Alisema tu, kwa uchovu, "Jua linazidi kila mwaka, kila mtu anatuuliza tufanye nini. Mengine yako mbali na mikono yetu, wanaolichochea hawako hapa. Hili lilikuwa la mtu na panga lake. Nimewaambia watu wa vijiji vingi, nendeni mkaone." Akamgeukia Rabe. "Kwani nani alikwambia ukate?"

"Hakuna aliyeniambia nisikate," alisema Rabe, na sauti yake ikavunjika. "Kaka yangu tu ndiye aliyeniambia. Nilifikiri baba haitaki."

Tasalla alitua mtungi chini. Gari lilipoondoka, jua likiwa bado juu, alimkuta Rabe amekaa peke yake mpakani, akamwambia yote. Ng'ombe waliojinywesha wenyewe, maganda kwenye kanzu, nusu kwa nusu, upande wenye miti awe nao yeye, mwambie nimeona.

Rabe alimsikiliza mpaka mwisho. Tasalla alitegemea mwanawe amkemee, lakini mtoto yule alianza kulia kama aliyefiwa upya.

"Inna, kwa nini hukusema? Ningejua ni neno la Baba nisingegusa hata tawi."

"Niliona haya."

"Haya ya nani? Yangu mimi? Mimi ni mtoto wako." Alijifuta uso kwa kiganja. "Mpigie. Mpigie sasa hivi, mwambie."

Wakarudi uani. Rabe akabonyeza simu, akaiweka kwenye sauti kubwa kwa kuwa mama yake hajui kuishika, akamwekea mkononi. Habsu na wenzake walikuwa pale wanachambua majani ya mboga. Tasalla aliwaona. Safari hii akapiga moyo konde.

"Rabe, vipi?" ilisema sauti ya Laminu. Nyuma yake kulikuwa na kelele za soko.

"Si Rabe. Ni mimi."

"Inna? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Laminu..."

Majani yakabaki mikononi mwa wanawake. Habsu akaziba mdomo.

"Laminu, mwanangu. Baba yako alisema ule upande wenye miti uwe wako. Aliniambia mimi, kabla hajafa. Alisema nikwambie ameona. Alisema ni kazi ya mwanamume. Kila alasiri alikuwa anakwenda kukaa kule, anapita nyuma ya makaburi usimwone."

Huko Abijani gari lilipiga honi, mtu akamtukana dereva. Laminu alizungumza polepole, kama unavyomtuliza mgonjwa.

"Ahsante, Inna. Umenipa maneno mazuri."

"Si yangu. Ni ya baba yako."

"Inna, mimi nakujua. Wewe si mtu wa kukalia neno la marehemu. Imamu alikuuliza mbele ya watu wote. Ungekuwa nalo ungelitoa, hata lingekuwa la kukuaibisha. Watu wakisema mabaya ya kwetu, mimi huwa nawaambia mama yangu hadhulumu, hata mimi."

"Nilikuwa nalo, Laminu. Niliona haya."

"Usijitese kwa ajili yangu. Shamba nimeshalisamehe zamani. Baba hakuipenda ile miti, na mimi nimeshazoea. Niko sawa huku."

"Wallahi alisema."

"Usiape, Inna." Sasa alikuwa analia, ilisikika. "Nakuomba. Usiape uongo kwa sababu yangu, hiyo sitaki iwe shingoni mwangu. Mpe Rabe simu."

Rabe akaichukua. "Kaka, ni kweli anayoyasema."

"Wewe ulimsikia Baba?"

"Mimi hapana. Nimeambiwa leo."

"Haya. Sasa nisikilize. Inna anaumwa. Ameniita jina mbele za watu, ameapa, hajui anachosema. Mpeleke zahanati, nitatuma ya dawa. Na usimwache peke yake."

Simu ikakatika. Rabe alijaribu kumpigia tena, na tena, haikupokelewa. Habsu alikuwa ameshainuka. Alimzungushia Tasalla ushungi mabegani, akamgusa paji la uso kwa mgongo wa mkono, akawaambia wenzake, "Ana homa, maskini. Mwanamke mwenye haya kama huyu, hebu angalieni." Wakamlaza, wakamkorogea uji, na kila alipofungua mdomo kusema kwamba alisikia kwa masikio yake, walimwambia pumzika.

Asubuhi Rabe alifunga punda kwenye mkokoteni, akatandika mkeka, akampeleka mama yake zahanati. Tasalla hakubisha.